Muzee Alisaini kwa Ajili ya Wote

Vijana wa gatini, mmeniomba niandike. Mmesema, mama, wewe ulijua mambo ya wageni na michezo ya maji kuliko sisi, tuachie hata kurasa chache. Nimekaa na ombi lenu muda mrefu. Sehemu ni uvivu, na uvivu sasa nina haki nao. Lakini zaidi ni kwamba kila nikishika kalamu niandike kuhusu jile na kamba, mkono unanipeleka wenyewe kwa Papa Mugisho. Basi nitaandika yote, naye atakuwemo. Vyeo na mishahara nitaviacha. Vilikuja vikaenda, na sioni kijana atajifunza nini humo.

Kwa wale waliokuja juzi na hawajui nilikuwa nafanya nini: hoteli yetu ya kando ya Ziwa Kivu ilikuwa na yoti, ile mashua kubwa nyeupe ya kutembeza wageni, na nyuma yake tulibeba michezo: kayaki, mbao za kusimama na kupiga kasia, boya la kuvutwa, na pikipiki ya maji. Mgeni akiumia, nani atajibu? Kazi yangu ilikuwa kupanga jibu kabla swali halijaulizwa. Nilisainisha wageni décharge, karatasi ambayo mtu anakubali kwamba ameelezwa hatari na anachukua jukumu lake mwenyewe. Nilikagua jile, yale makoti ya rangi ya machungwa yanayomfanya mtu aelee. Niliandikiana na watu wa asiransi, wale wa bima, ambao ni watu wenye adabu sana mpaka siku unapowahitaji. Marehemu mume wangu alipenda kuwaambia jirani kwamba nimeajiriwa kungoja ajali. Alikuwa anatania, nami nilicheka pamoja naye.

Siku ya kwanza nilikuja gatini na viatu vya kisigino. Nilikuwa karani kutoka Bukavu, nimemfuata mume Goma, nimezoea meza, muhuri na dirisha lenye pazia. Ziwa nilikuwa nimelivuka mara nyingi kwa meli bila kuligusa hata kwa kidole. Papa Mugisho, kapiteni wetu, alivitazama viatu, akanitazama mimi. Alikuwa Muhavu wa kisiwani Idjwi, mrefu, mwenye sauti ya chini, mtu ambaye angeweza kukaa nawe nusu siku akakusalimia tu, na ukaondoka ukidhani mmezungumza. Alinivika jile, akazikaza kamba zake moja moja, kisha akanionyesha ngazi ya nyuma.

"Mama," akaniambia, "utaambia batu maji iko namna gani, na wewe haujaigusa?"

Nikaruka na kitenge changu. Kelele niliyoipiga nadhani waliisikia mpaka Gisenyi. Ninyi mnalijua ziwa letu: halina mchanga wa kuzoeana nalo polepole. Unakanyaga mawe ya volkano, unakanyaga tena, halafu chini panakwisha. Nilipokuwa naning'inia pale ndani ya jile, maji yakiwa kidevuni na miguu ikitafuta kitu cha kusimamia, nilielewa kazi yangu yote. Papa Mugisho aliniacha nikae humo mpaka nikaacha kulia, kisha akanivuta na kunipa chai. Tangu siku hiyo tulikuwa marafiki, ingawa viatu havikupona.

Alinifundisha mambo ambayo hayakuwa katika karatasi yoyote ya asiransi. Kwamba jile inapimwa kwa kushika mabega yake na kuvuta juu. Ikipanda mpaka masikioni, ni kubwa, hata kama mwenyewe anaapa imemkaa. Kwamba dereva wa pikipiki ya maji lazima afunge ile kamba ya injini mkononi, ili akianguka injini izimike, na kwamba wanaume wataifungua mara tu ukigeuka. Kwamba upepo wa baada ya chakula cha mchana haupigi hodi. Na kwamba asubuhi tulivu, hewa ikiwa haisogei, usimwache mtu na kayaki aingie katika vighuba vya chini kati ya mawe, maana mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini kwetu, hulala pale juu ya maji kama inavyolala kwenye mashimo ya mashambani, na mtu huiingia akiwa anacheka. Wageni wa mbali waliniuliza mazuku iko wapi niwaonyeshe. Niliwaambia kama ingeonekana, nisingekuwa na kazi.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, na zingine sasa zinanichekesha. Kulikuwa na kanali wa kambi ya Katindo aliyetaka kupanda pikipiki ya maji na bastola kiunoni, na mlinzi wake nyuma na bunduki. Nilimwambia kwa heshima zote kwamba asiransi inafunika mtu mmoja, na bunduki haina nafasi. Alifikiri, akamwachia mlinzi silaha zote, akaenda peke yake, akaanguka mara tatu, akarudi amefurahi kama mtoto wa shule. Kulikuwa na mzungu mmoja aliyetoka kutazama sokwe upande wa Rumangabo, akasoma décharge mstari kwa mstari, akataka tubadilishe kifungu. Tulijadiliana mpaka mvua ikanyesha na mchezo wenyewe ukafutwa. Kulikuwa na mchungaji mnene sana ambaye hakuna jile iliyomfaa. Papa Mugisho aliunganisha mbili kwa kamba, na mchungaji akaelea kwa utukufu.

Lakini ngumu kuliko zote ilikuwa familia. Mtu mmoja mmoja unamuuliza, anajibu, anasaini. Familia haijibu hivyo kwetu. Familia ikija na mzee wake, anayejibu ni mzee. Ukimuuliza kijana kama anajua kuogelea wakati baba yake amesimama hapo, umemwuliza baba. Na baba akishajibu, nani atasema tofauti? Nimeona mtu mwenye mvi na wajukuu, anayeogopa maji mpaka midomo inatetemeka, akinyamaza kwa sababu kaka yake mkubwa amesema wote wako sawa. Karatasi yangu niliitunga pamoja na mwanasheria wa asiransi, tuliyemwita Maître kama wenzake wote. Iliandikwa kwa Kifaransa kizuri, ikiuliza kila mtu kwa nafsi yake: ninajua kuogelea, ndiyo au hapana. Aliyejibu ndiyo aliruhusiwa kupanda ubao karibu na yoti bila jile. Maître alisema hivyo ndivyo inavyofanywa kwingine.

Papa Mugisho hakuipenda karatasi hiyo. Aliigeuza mbele na nyuma, akanirudishia. "Maji haisomake," alisema, akaenda kuangalia injini.

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika.

Muzee Kambale alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa Butembo, mtu wa malori na safari ndefu, Mkatoliki wa misa ya kwanza. Alimwoza binti yake Goma, na kesho yake akakodi yoti nzima awafurahishe ndugu na wakwe wapya. Tulimpenda mara moja. Alifika amevaa suti, akamsalimia kila mfanyakazi kwa mkono, mpaka yule mwosha sitaha. Mkewe, Mama Masika, alikuja nyuma na wanawake wenzake wakibeba masufuria, maana hakuamini kwamba watu wa hoteli wanaweza kuwapikia wakwe. Kijana wake wa kwanza, Mumbere, kaka wa bibi arusi, alikuwa mpole, ameshika mkono wa mdogo wake kila alipopita kwenye ubao wa kuingilia. Watu wa Butembo ni watu wa milima. Mito yao ni ya kufulia na kuvuka, na ziwa wanaliona wakishuka kufanya biashara. Hilo nalijua mimi, na kila mtu wa Goma analijua.

Vijana walipanda juu kwenye muziki. Mimi nilikaa chini nyuma na karatasi zangu, Muzee Kambale mbele yangu, Mumbere pembeni, Papa Mugisho akifungua kamba za mbao. Nikaanza kueleza kwamba kila mtu atasaini yake. Muzee alicheka kwa upole, akachukua kalamu.

"Batoto yangu bote banajua maji," alisema. "Nitasaini kwa ajili ya bote."

Nilimwambia ni lazima nimwulize kila mmoja. Alinitazama jinsi baba anavyomtazama binti aliyekosea mbele ya wageni, bila hasira. "Mama, nilisha jibu. Utauliza tena batoto, kama vile mi sina kinywa?"

Hata hivyo nilimgeukia Mumbere nikamwuliza, kwa sababu ndiyo kazi yangu, na kwa sababu ubao ulikuwa tayari unateremshwa kwa ajili yake. Alimtazama baba yake. Baba alikuwa anaandika jina lake kwa herufi kubwa nzuri.

"Papa alisha sema," akajibu.

Hilo lilikuwa jibu. Kwa sheria lilikuwa jibu, na kwa adabu yetu lilikuwa jibu zuri zaidi ya ndiyo. Papa Mugisho alimnyoshea jile hata hivyo. Kijana akaishika, akatazama juu ambako wakwe walikuwa wanachungulia na wengine hawana jile, akairudisha kwa shukrani. Akapiga kasia vizuri kwa muda, wima, watu wakimpigia makofi. Kisha upepo wa baada ya chakula ukashuka.

Sitaeleza zaidi ya hivi. Ubao ulirudi bila yeye. Papa Mugisho alikuwa majini kabla sijapuliza filimbi, akazamia, akapanda, akazamia tena mpaka nikadhani tutawapoteza wawili. Alimleta juu akiwa amemkumbatia, akampumulia pale nyuma ya yoti mpaka tulipofika gatini na baada ya hapo, mpaka daktari akamshika bega na kumwambia aache. Muziki ulikuwa bado unapiga juu kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuuzima.

Maître alikuja haraka. Aliisoma décharge, akaisoma tena, na uso wake ukatulia. Alituambia mimi na Papa Mugisho kwamba hoteli iko salama, na asiransi iko salama, maana mzee wa familia ametamka kwa maandishi kwamba watoto wake wote wanajua kuogelea. Alimwita Muzee Kambale ofisini, akamsomea mstari ule kwa sauti ya kawaida kabisa. Muzee alikuwa amevaa suti ileile. Hakubisha. Aliomba maji ya kunywa, nikamletea, akashika glasi bila kunywa. Maître akamweleza kwamba barua rasmi itapelekwa nyumbani, isomwe mbele ya baraza la familia, ili kusiwe na madai baadaye.

Muzee alipoondoka, Maître akatupa amri nyingine. Mfanyakazi yeyote asikanyage kwenye kilio cha yule kijana. Asipeleke hata kuni, asiseme hata pole, kwa sababu mbele ya sheria pole inaweza kuchukuliwa kama kukiri kosa. Nadhani alikuwa anasema kweli kuhusu sheria. Lakini yeye alikuwa amesomea mbali. Kwetu, mtu akifia mikononi mwako na usionekane kwenye kilio chake, umekwisha kukiri.

Papa Mugisho alisubiri mpaka gari la Maître limetoka.

"Ile barua," akaniambia, "itasomwa mu nyumba mwenye mama ya mutoto iko."

Hakuhitaji kuongeza. Nilimwona Mama Masika akilini, amekaa kwenye godoro na wanawake wamemzunguka, akisomewa kwa Kifaransa, kisha kwa Kinande, lugha yao, kwamba mumewe ndiye aliyesema mtoto wake anajua maji. Nyumba hiyo ingebaki na nini? Karatasi yangu ilikuwa imefanya kila kitu nilichoitungia. Ilichukua jukumu pale tulipolikuta, ikalibeba salama mpaka mlangoni kwa mtu mwingine. Kazi niliyoifanya vizuri haijapata kunichoma hivyo.

Alikwenda siku hiyohiyo kwenye kilio, kilichowekwa hapahapa Goma nyumbani kwa ndugu wa Muzee. Nami nilikwenda, kitenge kichwani, nikakaa na wanawake waliokuwa wakimenya viazi kando ya turubai, mahali ambapo Maître asingenitafuta. Wanaume walikuwa kwenye viti uani. Mama Masika alikuwa ndani, mlango wazi. Papa Mugisho aliingia bila kofia, akasimama katikati, na aliporuhusiwa kusema alisema polepole ili asikike mpaka ndani.

"Mi njo nilikuwa nachunga maji. Mutoto alikuwa na jile, mi njo nilimwambia aivue, nikasema tuko karibu. Musitafute mutu mwingine. Baba yake haiko na neno hapa."

Ulikuwa uongo mtupu. Nilikuwepo. Niliona jile ile ikinyoshwa kwa mkono wake na kurudishwa kwa shukrani. Muzee Kambale aliinua kichwa, na nilimwona anafungua kinywa. Kisha akatazama mlango wa ndani, akakifunga. Vijana wa familia waliinuka, na sijui wangemfanya nini, lakini sauti ya Mama Masika ikatoka kwenye godoro, dhaifu na wazi, ikisema wamtoe yule mtu nje asimwone. Wakamtoa. Mmoja alimsukuma, akajikwaa, akaokota kofia yake mavumbini akaenda. Mimi nikaendelea kumenya viazi.

Barua ile haikupelekwa kamwe. Kapiteni mwenyewe akiwa amekiri mbele ya watu wote, isingesaidia kitu tena, na hoteli ikapatana na familia. Papa Mugisho akafukuzwa, akanyang'anywa ruhusa ya kuendesha chombo chochote cha abiria. Wengi wenu mlimkuta pale Kituku, kando ya soko la ziwani, na cherehani yake chini ya bati, akishona jile zilizochanika. Mlimwita fundi jile. Wenye umri wangu walimwita jina jingine, yule aliyezamisha mtoto, na akina mama walipitisha watoto wao upande wa pili. Mkewe, Mama Zawadi, aliuza sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwa letu, hatua chache kutoka pale, na kila mwaka aliomba misa parokiani kwa ajili ya roho ya Mumbere. Nilizisikia misa hizo zikitangazwa. Nilikuwa nikijiambia, tazama mke mwenye huruma.

Gatini nilibadilisha nilichoweza, na hili ndilo mlichukue kama kuna kitu mtachukua. Jile ikawa ya kila mtu, awe askofu, awe bingwa wa kuogelea. Swali la kuogelea nililiondoa mezani, nikaacha kuliuliza mbele ya watu. Unamvika mgeni jile wewe mwenyewe, umepiga goti mbele yake, unakaza kamba ya kiunoni, uso wako uko karibu na sikio lake, muziki unapiga, na hapo unamwuliza kwa sauti ya chini: unaogopa? Wengi watakwambia. Nimeambiwa na wakubwa wa idara na wanaume wenye shingo nene. Hapo unasema kwa sauti, tafadhali, kamba ya huyu imekatika, akae hapa na mimi kwanza. Hakuna aliyeaibika, na mzee wake anaendelea kucheka. Jile zenye kamba iliyokatika zilikuwa nyingi sana kwenye yoti yetu, kiasi kwamba mkaguzi mmoja aliniuliza kwa nini hatununui mpya.

Zile zilizokatika kweli nilimpelekea Papa Mugisho. Nilikaa kwenye benchi lake akishona. Tuliongea juu ya upepo, juu ya bei ya uzi, juu ya watoto. Mara nyingi nilitaka kumwambia kwamba najua, kwamba nilikuwepo, kwamba nimwone au nisimwone namheshimu kuliko padri. Nilidhani kumwambia ni kumfungulia kidonda. Na nilidhani neno hilo likitoka, litatafuta njia mpaka kwa Mama Masika, na alichokitoa kitakuwa bure. Siku moja tu nilijaribu. Nikaanza: Papa Mugisho, ile siku ya kilio.

"Mama Nsimire," alisema bila kuinua macho, "lete ile ingine yenye kamba ilikatika."

Nikaleta. Na miaka ikapita namna hiyo, jile baada ya jile. Muzee Kambale alihamia Goma kabisa akafungua ghala. Nilimwona kanisani, amekonda ndani ya suti, akikaa mbele. Papa Mugisho alipoingia kwa mlango wa pembeni, Mama Masika alikuwa akihama benchi, na mumewe akatazama sakafu. Nilidhani namwelewa mama yule. Nilikuwa namhurumia kwa kutojua.

Siku hizi mnajua hali ilivyo. Wageni wamepotea, yoti imevutwa juu ya mawe na kufunikwa turubai, na uwanja wa hoteli umekuwa na mbuzi. Nilipostaafu hapakuwa na hotuba, na hilo lilinifaa. Papa Mugisho aliugua kifua wakati wa mvua, akakataa kulazwa mpaka amemaliza jile za wavuvi. Nilimtembelea nikamkuta amelala, sikumwamsha. Nilisema nitarudi. Mlinipigia simu ninyi wenyewe kunipa habari.

Kwenye kilio chake tulikuwa wachache. Wavuvi, ninyi, watu wa jumuiya ya kanisa, mimi, na Mama Zawadi na watoto wake wakubwa ambao wamekua wakijua baba yao ni nani mbele ya watu. Kisha lango likafunguka, akaingia Muzee Kambale kwa fimbo, na Mama Masika akimshika mkono. Watu waligeuka. Wengine walidhani wamekuja kudai, hata sasa. Mama Zawadi aliinuka, akawapa kiti chake mwenyewe, akakaa chini kwenye mkeka.

Ilipofika zamu ya wenye neno juu ya marehemu, Muzee Kambale alisimama. Ilimchukua muda.

"Mutoto wangu haikukufa kwa mikono ya huyu," alisema. "Mi njo nilisaini. Mi njo nilisema anajua maji. Huyu mutu alikuja kunibebea, na mi nikamuachia abebe."

Hakuwa anatutazama sisi. Alikuwa anamtazama mkewe, kama mtu anayengoja kupigwa. Mama Masika akamvuta koti taratibu.

"Kaa, Papa," akamwambia. "Nilijua."

Muzee hakukaa. Nadhani hakuelewa. Mama Masika akaendelea kwa sauti ileile niliyoisikia kutoka kwenye godoro, dhaifu na wazi.

"Nilikuwa nyuma yenu na sufuria ya sombe. Nilikusikia ukisema. Na nilijua mutoto haijue maji, mi njo nilimuzaa. Sikukukatalia mbele ya bakwe. Huyu alipokuja kusema vile alisema, nikaona ametuokoa siye babili. Nikawaambia bamutoe."

Nami nikasimama, kwa sababu miguu ilinisimamisha. Nikasema kwamba nami nilikuwepo, kwamba Papa Mugisho alimnyoshea kijana jile na kijana akairudisha, na kwamba nimelijua hilo miaka yote. Nilidhani nasema jambo zuri. Nilidhani tunamvua marehemu jina baya, tumekusanyika watatu kulivua, na kwamba angalau watoto wake watatoka pale wameinua vichwa. Mwanaye mkubwa alikuwa analia waziwazi. Kila mmoja wetu alikuwa amenyamaza ili kumlinda mwenzake, na kati ya wazee wa nyumba zile mbili hakuna aliyekuwa amebaki bila kujua ila mmoja.

Alikuwa chini kwenye mkeka. Mumewe hakuwahi kumwambia. Alikuwa amelala kando ya mtu huyo, amemkaangia sambaza, amemzalia, akiamini kile alichokiri uani mwa watu. Mama Zawadi alitutazama mmoja mmoja, Muzee, Mama Masika, kisha mimi niliyekaa kwenye benchi la mumewe miaka yote ile. Hakupandisha sauti.

"Mulijua, bote batatu," alisema. "Na mi kila mwaka nilikuwa naomba Mungu amusamehe bwana yangu."